Mkono wa Kumi na Mbili

*Bonde la Cetina, siku ya Mtakatifu Martin, mwaka wa tisa wa Mfalme Gostimir*

Shangazi yangu Nemira, shikamoo.

Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa karibu na moto, si juu ya yale mawe baridi ya kanisa lenu mnakopiga magoti hadi miguu ife ganzi. Sisi huku tu wazima. Stoja wangu amejifungua salama, mtoto wa kike, na tumempa jina la marehemu mama yako, Rada. Ana sauti ya kuita kondoo kutoka ng'ambo ya mto. Asali mwaka huu imejaa mpaka tumekosa vyombo. Divai mpya tumeifungua leo, na Padre Zdila, ambaye ndiye anayekuandikia haya, ameionja mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Sentensi hiyo ameiandika shingo upande, na mkewe anacheka nyuma yake.

Tini ulizotuma zilifika zote, asante sana. Stoja alizila peke yake, akasema mtoto ndiye anayezitaka.

Sasa nikwambie linalonikosesha raha. Juzi alikuja mjumbe wa mfalme. Anasema Papa anamtuma mtu wake huku baada ya Pasaka, aje asikilize yale maneno ambayo watu wamekuwa wakiyanong'ona tangu mwaka juzi: kwamba Mfalme Gostimir alimwua mdogo wake Vladoj kule mawindoni ili asipate mshindani. Mfalme asipojitakasa, makanisa yetu yote yatafungwa. Hakuna kengele, hakuna ubatizo, hakuna maziko. Rada wangu bado hajabatizwa, maana mama wa ubatizo yuko mbali na njia zimeharibika.

Unajua desturi yetu. Mfalme ataapa juu ya Injili, na baada yake maliwali kumi na wawili wataweka mikono yao juu ya ule mkono wake. Kumi na mmoja wamekwisha kutajwa. Wa kumi na mbili ni mimi.

Shangazi, wewe ndiye uliyemnyonyesha mfalme, na Vladoj alijifunza kutembea akishika sketi yako. Hakuna mtu aliye hai anayewajua wale ndugu kukushinda. Niambie, alimwua au hakumwua? Nataka neno moja tu. Nikiapa uongo, mkono huu ndio ninaombebea mwanangu.

Stoja anakusalimu, na Rada anapiga kelele, uhesabu kuwa ni salamu.

Mwanao,
Pribineg

*Zadar, siku ya Mtakatifu Lusia*

Pribineg mwanangu, marahaba, na nyingine umpokelee Rada mpaka atakapojifunza kuamkia.

Nilipofika kwenye jina la mama nilishindwa kuendelea kusoma, nikaenda jikoni nikajifanya nakata vitunguu. Asante. Mwambie Stoja asinyanyue vitu vizito, na wewe usiwe unamsikiliza tu huku umekaa. Baba yako, kaka yangu mimi, alikuwa mtu mzuri lakini hakuwahi kunyanyua ndoo mama yako akiwepo. Nimemtumia Stoja mafuta ya zeituni, ayapake tumboni. Si ya kupikia. Najua nyumba yenu.

Sisi hapa hatujambo. Zeituni tumekwisha kukamua. Watawa wenzangu wanaosema Kilatini cha mjini bado wananicheka nikisali kwa lafudhi ya milimani, nami nawacheka wao wakiogopa ng'ombe. Mama Mkuu anakusalimu sana. Anakusalimu kwa sababu ameisoma barua yako kabla yangu, kama anavyosoma kila barua inayoingia humu na inayotoka. Ndiyo kanuni ya nyumba yetu, wala sina neno nayo.

Wewe unaniuliza habari za mfalme. Haya, nitakupa. Alizaliwa na meno mawili. Wiki ya kwanza nilimwogopa kama mbwa. Mama yake, malkia, aliniambia nimwachishe ziwa, nikakataa, maana nilikuwa nimemzika wangu siku chache tu kabla yake, na maziwa yalikuwa yananiuma. Yule mtoto alinisaidia kuliko nilivyomsaidia. Nimemshukuru Mungu kwa ajili yake kila siku tangu hapo, na kwa meno yake pia.

Alipotawazwa akaja Zadar mara ya kwanza, watu wa mji walifunga madirisha, wakidhani milima yote imeteremka na shoka. Yeye akaja moja kwa moja kwenye lango letu, akiwa na taji lake, akauliza, "Nemira yupo?" Askofu alikuwa amesimama uwanjani na mishumaa yake, anangoja. Mlinzi wa lango akamjibu kwamba sista yuko kwenye kufua. Akakaa juu ya ngazi akanisubiri nianike.

Umesema unataka neno moja. Mimi nimezeeka, maneno yangu hayaji moja moja. Badala ya kuniuliza mimi niliyemjua akiwa na nepi, jiulize wewe unamjuaje akiwa na taji. Hukuwa mtoto ule mwaka wa mvua ya mawe. Ulikuwepo.

Kaeni salama. Mpe Zdila pole ya kichwa chake.

Shangazi yako,
Nemira

*Cetina, baada ya Sikukuu ya Mishumaa*

Shangazi, shikamoo.

Tu wazima, ila theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha na hatuna tena habari ya kupeana. Stoja anashukuru kwa mafuta. Mimi nilijaribu kidogo kwenye mkate, nikakamatwa.

Tumepata msiba. Hranko, yule mchungaji kijana aliyekuwa akipiga zumari, alijinyonga kwenye banda la kondoo. Hakuna anayejua kwa nini. Alikuwa hivyo tangu zamani, siku nyingine anaimba, siku nyingine hata ukimwita hageuki. Padre Zdila alilia kama mtoto, lakini sheria ya kanisa ni sheria, aliyejiua hawekwi ndani ya ukuta wa makaburi. Tumemzika njia panda chini ya lundo la mawe, bila msalaba. Mama yake anapita pale kila asubuhi akienda mtoni, na anazunguka upande mwingine ili asiyakanyage mawe.

Sasa turudi kwetu. Nilikuuliza swali, ukanijibu kwa meno mawili na kufua nguo. Usinikasirikie, Shangazi, lakini mimi si mtoto wa kutulizwa kwa hadithi. Unasema nijiulize. Nimejiuliza.

Ule mwaka wa mvua ya mawe uwele wote ulilala chini, na baba alikuwa kitandani anaondoka. Msafara wa mfalme ukafika kwa zamu yetu ya kuulisha: watu wake, farasi wake, mbwa wake. Desturi ni desturi, baba akaagiza tuchinje ng'ombe wawili wa kulimia, wa mwisho. Gostimir akawaona wamefungwa uani, akauliza. Akaingia mpaka kitandani kwa baba, akamshika mkono, nami nilikuwepo nikasikia. Alisema, "Mzee wangu, sitaonja kitu katika bonde hili mpaka ghala zako zijae." Akageuza msafara wote palepale na giza linaingia, mbwa wakilalamika.

Baba alikufa akitabasamu. Hilo sitalisahau hata nikifa mimi.

Mwaka uliofuata mfalme alipita hapa akala mkate wake juu ya farasi, kutoka mfuko wake. Wa pili vilevile. Wa tatu alikuwa na homa, mvua inanyesha, anatetemeka mpaka hatamu zinagonga. Stoja akatoka mbio na bakuli la mchuzi wa kondoo. Gostimir akaunusa, akafumba macho, akaniuliza, "Pribineg, ghala zimejaa?" Nikasema zimebaki kidogo. Akamrudishia Stoja bakuli, akamwambia, "Dada, unanijaribu vibaya." Stoja hajanisamehe mpaka leo. Anasema ningeweza kudanganya mara moja tu maishani, tena kwa ajili ya mgonjwa. Mwaka wa nne zilipojaa, mfalme alikaa kwetu akala mpaka akalegeza mshipi, kisha akaomba na ule mchuzi wa mwaka jana.

Kwa hiyo usiniambie nikumbuke. Namshukuru yule mtu kila nikifungua ghala. Lakini shukrani si ushahidi. Mtu anaweza kuwa mwema kwangu na mbaya kwa ndugu yake, tumeyaona. Watu wa Knin, kwenye makao ya mfalme, wanasema walikwenda mawindoni wawili peke yao, akarudi mmoja, na mwingine kalazwa juu ya tandiko. Mfalme mwenyewe hajawahi kufungua kinywa. Mtu asiye na hatia hunyamaza miaka miwili?

Na kuna jingine. Wiki ile ile Vladoj alipoletwa Knin, wewe ulitoka Zadar, wewe usiyetoka hata kwa harusi yangu. Ulipita hapa kwetu kwenye mvua, juu ya nyumbu, na hukushuka. Stoja alikuona kupitia mlangoni. Ulikwenda kufanya nini?

Kama hutaniambia, sitakwenda kuapa. Watafute mkono mwingine.

Pribineg

*Zadar, Jumapili ya nne ya Kwaresima*

Mwanangu,

Barua yako ilikaa mlimani muda wote ule upepo baridi wa bura ulipokuwa ukivuma. Aliyeileta alifika na sikio moja limeganda, tumempasha na mafuta ya bata. Kwa hiyo usihesabu kimya changu chote kuwa ukaidi. Nusu yake ni upepo.

Namlilia yule mchungaji. Mwambie mama yake kuna mtawa mmoja huku Zadar anayemtaja mwanawe kwa jina kila jioni, na kama kuna sheria inayokataza hilo basi sijaisoma. Mwambie neno kwa neno. Mpelekee pia jibini kubwa, nitakulipa kwa tini.

Rada abatizwe sasa hivi. Usingoje mama wa ubatizo. Mke wa Zdila anatosha, ana mikono safi na hasemi hovyo.

Umenikaripia, nami nimekupa haki yako. Sasa nisikilize vizuri, maana nadhani umebeba mzigo ambao hakuna aliyekutwika. Nani alikwambia unakwenda kuapa kwamba Vladoj alikufa hivi au vile? Wewe hukuwepo. Hao wenzako kumi na mmoja nao hawakuwepo. Baba yangu aliapa hivyo mara nyingi katika maisha yake, na kila mara alitueleza mezani, ila wewe ulizaliwa amekwisha kufa. Anayeapa juu ya tendo ni mwenye tendo. Hao kumi na wawili wanaapa juu yake yeye: kwamba huyu tunamjua, na akisema kwa kiapo, neno lake ni safi. Basi. Huulizwi siku ile ilikuwaje. Unaulizwa mtu huyu akitoa neno, linasimama?

Hilo ndilo wewe unalijua kuliko mimi. Mimi nilimwona anatambaa. Wewe ulimwona na homa, na bakuli mkononi.

Kuhusu safari yangu ya Knin, nilikuwa na kazi ya wanawake. Sikushuka kwenu kwa sababu kama ningeshuka, Stoja angenipa kitu cha moto ninywe, angenitazama, na ningesema. Zaidi ya hapo usiniulize, na wala usikasirike. Ninalolinyamazia si langu.

Usipoweza kuweka mkono, usiuweke. Rudi kwako ukalime. Nitakupenda vilevile. Lakini uwe umekataa kwa sababu unamjua mtu, si kwa sababu umewasikia watu wa Knin.

Mama Mkuu amesoma haya, ameguna, ameniambia nirekebishe herufi zangu.

Nemira

*Biograd, wiki moja baada ya Pasaka*

Shangazi, shikamoo.

Haya naandika kwa mkono wangu mwenyewe, Zdila amebaki nyumbani. Utavumilia mistari inayopanda mlima. Rada alibatizwa, hakulia, alimvuta Zdila ndevu. Yule mama wa Hranko nilimpa maneno yako neno kwa neno. Akaniuliza jina la mtawa. Nikamwambia. Anakushukuru.

Nimekwenda. Mpaka naingia mjini sikuwa nimeamua, na nilikuwa nimemfunga farasi karibu na lango, upande wa kutokea.

Asubuhi, kabla hatujaingia kanisani, mfalme alitukusanya uani sote kumi na wawili. Amepungua, Shangazi, nguo zinamning'inia. Alisema, "Asiyeweza aende nyumbani kwake sasa, kwa mlango ule. Sitauliza alikuwa nani. Na zamu yake ya kunilisha ikifika, nitakuja nile kwake kama kawaida." Liwali wa Nin, yule mwenye utani, akasema basi hiyo ndiyo adhabu yenyewe. Watu wakacheka kidogo. Hakuna aliyeondoka, lakini niliona macho mawili matatu yakiangalia mlango, na moja lilikuwa langu.

Mtu wa Papa ni mwembamba, ana mafua, na si mjinga. Alimweka mfalme mbele ya Injili, kichwa wazi, akamwambia aseme. Gostimir akaweka mkono wake wa kuume juu ya kitabu. "Sikumwua ndugu yangu. Sikuamuru auawe. Sikutamani afe, hata siku moja. Hilo naapa."

Mtu wa Papa akauliza, "Basi alikufaje?"

"Hilo sitasema."

Kanisa zima likavuma. Yule mtu akamweleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto, kwamba mfalme anayekataa kusema ataonekana ana hatia, na kwamba neno moja tu lingemaliza yote. Kama alianguka kutoka kwenye farasi, aseme alianguka. Hakuna atakayekwenda kumfukua amtazame.

Hapo mfalme akageuka mweupe. Lilikuwa ni hilo neno la kufukua, niliona kwa macho yangu. Akasema, "Mkono wangu uko juu ya Injili, baba. Ukiwa hapa siwezi kusema alianguka. Nami sitasema jingine. Kama ni kuonekana, nionekane."

Shangazi, nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwake, na nikamkumbuka Hranko. Zaidi ya hapo siandiki. Nilijua kwa nini ulipita kwetu kwenye mvua bila kushuka. Nikamshika liwali wa Nin begani, akadhani naumwa.

Wakaanza kuweka mikono. Wa kwanza, wa pili, wanakwenda polepole, mmoja alisita mpaka nikadhani ataondoka. Zamu yangu ikafika. Mtu wa Papa alikuwa amechoka, akaniuliza kwa mkalimani wake, "Na wewe, unajua nini juu ya kifo hiki?"

Nikasema, "Sijui kitu. Sikuwepo."

"Sasa unaapa juu ya nini?"

Nikamweleza habari za bakuli. Nilieleza vibaya, nilianzia katikati, nikarudi kwenye ng'ombe, nikasahau homa, mkalimani akaniuliza mara mbili kama ni mchuzi wa kondoo au wa mbuzi. Watu walikuwa wanatazama chini. Lakini mtu wa Papa aliacha kupenga kamasi. Nikamalizia kwa kusema kwamba yule mtu alimpa neno mzee anayekufa, mzee ambaye asingeweza kumdai, na alilishika mpaka lilipomwumiza, na aliniuliza mimi ukweli wakati uongo wangu ungemshibisha. "Akisema hakumwua, hakumwua," nikasema. "Huo ndio ujuzi wangu." Nikaweka mkono wangu juu ya ile mikono mingine.

Ulikuwa mzito, Shangazi, lakini niliuacha pale.

Walimtangaza kuwa ni safi kabla ya chakula cha mchana. Kengele zilipigwa mpaka mbwa wakakimbia. Mfalme alipita mbele yetu mmoja mmoja akitushukuru. Alipofika kwangu aliushika huu mkono, akaufunua kiganja, akakitazama kama anatafuta mwiba, kisha akaufunga tena, kidole kimoja kimoja.

Nilikukasirikia msimu mzima wa theluji. Nisamehe. Nakushukuru kwa ulichoniambia, na kwa ulichokataa kuniambia nashukuru zaidi, maana kama ningekuwa nakijua, ningeweka mkono nikiwa na kitu cha kuficha. Sitauliza tena.

Nakwenda nyumbani. Stoja ataniuliza kila kitu na nitamwambia mfalme amekonda. Hilo litamtosha, ataanza kupika.

Mwanao,
Pribineg

*Zadar, mkesha wa Mtakatifu Yohane*

Mwanangu Pribineg, marahaba, na Mungu aubariki huo mkono na kila utakachokishika.

Barua hii haikupita kwa Mama Mkuu. Aliyekuletea ni mtunza farasi wa mfalme mwenyewe, usimpe divai mpaka amekukabidhi. Isome ukiwa peke yako, kisha itie motoni. Mungu anisamehe. Nadhani amekwisha nisamehe makubwa kuliko haya.

Ulitaka neno moja. Neno lenyewe ni hapana.

Vladoj wangu alikuwa mtoto mzuri wa kupindukia, na alikuwa na siku zake. Anaweza kucheka tangu asubuhi, kesho yake anageukia ukutani, huwezi kumpa hata maji. Malkia alidhani ni deko. Aliyekuwa akikaa naye siku hizo ni mimi, na kaka yake. Gostimir alikuwa akimpandia kitandani na viatu vyake vya matope, anakaa tu, bila kusema neno. Safari moja Vladoj alifungua kizimba akamwachia kipanga wa baba yao, yule aliyetoka mbali. Alisema alikuwa anamhurumia. Mfalme mzee akaja na fimbo na msalaba, aape aliyefanya. Gostimir akaweka mkono juu ya msalaba akasema ni yeye. Akapigwa vibaya. Nilimkanda mgongo kwa siki, nikamgombeza kwamba ameapa uongo, ataungua. Akaniambia, "Basi nitaungua, yeye angekufa."

Hili sikukwambia kabla, kwa sababu lingekufunga. Ungejua kwamba aliwahi kuapa uongo. Nililala nalo majuma mengi nikijiuliza kama nakudanganya kwa kulinyamazia. Sasa niliposoma jinsi ulivyomwona pale kanisani akikataa kusema "alianguka", neno dogo tu ambalo lingemwokoa, mimi nililia. Mtoto wangu amekuwa mtu mzima. Safari hii alimlinda ndugu yake bila uongo.

Mjumbe wake alikuja kunichukua ile wiki, akasema mfalme anataka Nemira na si mtu mwingine. Walimweka Vladoj kwenye chumba chao cha utotoni na mlango umefungwa. Niliiona shingo yake, na alama ya kamba. Nikawafukuza wanawake wengine, nikasema ameumia vibaya kwa kuanguka, si wa kutazamwa. Mimi niliuambia ule uongo, Gostimir hakuuambia. Nilimwosha, nikamchana nywele, nikamfunga kitambaa cha hariri shingoni mpaka kidevuni, ile hariri niliyopewa siku niliyoweka nadhiri. Amelala kanisani, kati ya baba yake na mama yake, chini ya jiwe zuri. Hakuna anayemzunguka. Watu wanapiga magoti pale.

Nashukuru, Pribineg. Namshukuru Mungu aliyenipa wale wawili aliponichukulia mmoja. Nakushukuru wewe, mkaidi mwana wa mkaidi, ambaye hukukubali kuapa kwa kusukumwa. Baba yako angejivuna mpaka tusiweze kukaa naye.

Sasa nikupe habari, kisha nikapumzike. Juzi mfalme alipita hapa akielekea Nin. Alikuja langoni peke yake, akauliza Nemira yupo. Safari hii sikuwa nafua. Akataka uji wa uwele na asali kama niliokuwa nikimpikia, akaula jikoni kwetu akiwa amekaa kwenye kigoda, akaongeza, akaongeza tena. Masista walikuwa wanamchungulia kwa zamu. Hatukusema lolote la maana. Aliniuliza magoti yangu, nikamwuliza kwa nini haoi, akaniambia nimeanza tena.

Nilimsindikiza mpaka kwenye ngazi. Alikwisha kupanda farasi, akashuka. Akaniinamia kama alivyokuwa akifanya akitaka kuninong'oneza siri, mtu mkubwa mzima, na wapambe wake wote wanatazama.

"Mama," akasema, "asante kwa kumwosha."